Mikrobi ya hospitali na mtoto wa kuvezi

Wandugu, mtoto akianza kuugua siku 3 baada ya kuwekwa kuvezi, tusikimbilie kusema mama yake ndiye alimpa ugonjwa. Mara nyingi ni mikrobi ya hospitali. Klebsiella, kwa mfano, inakaa ndani ya maji ya chupa ya oksijeni, kwenye sinki, kwenye mikono yetu, na inapita kitanda hadi kitanda. Mwaka 2024 OMS iliweka Klebsiella isiyosikia karbapenemu katika kundi la hatari zaidi. Na karbapenemu ni dawa za mwisho mwisho, za bei kali!

Ndiyo maana naona hapa Kindu, robine ikikauka, famasi ya hospitali itengeneze alkoli ya mikono. Fomula ya OMS ni etanoli 80%, gliserini 1.45% na hidrojeni peroksidi 0.125%. Sugua sekunde 20 hadi 30 kabla ya kugusa kila mtoto, hata kama wewe ni daktari mkubwa. Mikono yenye damu, hiyo inataka maji na sabuni.