Ordinatere ikikataa wifi, usikimbilie kulipa

Hapa Pweto, pale Luvua inatoka mu ziwa Moero, barabara ya Lubumbashi ni ndefu, na mvua ikinyesha ni mateso. Njo maana sisi wa sendika tunatuma barua kwa intaneti, kutoka nyumba ya kamarade moya. Juzi, barua ya mishahara ya wenzetu wa mugodi ilipashwa kufika mbele ya saa kumi. Ordinatere ikakataa wifi. Wengine: "Tuite fundi!"

Tukauliza kwanza: shida iko wapi? Telefone iliingia mu wifi ile ile. Basi kisanduku kilikuwa kizima, ubaya uko mu ordinatere. Kama telefone nayo ingekataa, tungezima kisanduku nusu dakika, tuwashe tena.

Tukaangalia "mode avion": haikuwashwa. Kisha kamarade akakumbuka: alibadilisha neno la siri, na ordinatere ilikuwa ingali inashika la zamani. Tukafuta rezo ile, tukaandika neno jipya. Ikaingia!

Lakini kurasa hazikufunguka. Kumbe batri na pile ndogo ya saa zote zimechoka. Kura ikikatika, tarehe inarudi miaka nyuma. Kurasa zenye ulinzi zinakataa tarehe ya uongo. Tukaitengeneza, barua ikaenda saa tisa na nusu.

Ni kama mu mugodi, ndugu: jua kwanza penye kuvunjika, njo uite fundi.