Programu ya kanisa ikigoma kwenye seva: tusome daftari la makosa kabla ya kugusa kitu



Makanisa yetu kadhaa ya mashariki sasa yana programu ndogo ya intaneti. Moja inaandika sadaka za parokia, nyingine ubatizo na ndoa, nyingine majina ya familia zilizokimbia vita na kupokelewa na waumini. Mara nyingi kijana wa parokia ndiye anayeitengeneza kwenye kompyuta yake, kisha tunaipeleka kwenye seva ya kukodi ya bei nafuu, ile ambayo wapangaji wengi wanaishi pamoja ndani yake. Kwenye kompyuta ya kijana inatembea vizuri. Kwenye seva inagoma.

Yetu iligoma Jumamosi moja, siku ya kugawa unga na maharagwe kwa wakimbizi wa ndani. Tulifungua orodha asubuhi tukakuta ukurasa mweupe wenye namba 500. Kufikia saa sita kulikuwa na watu kwenye uwanja wa kanisa wanaosema mweka hazina amefuta majina ili auze unga. Mama huyo ametumika miaka mingi na hakuwa amegusa kompyuta siku ile. Alikaa nyuma ya madhabahu akilia. Ugawaji tuliuahirisha, na familia zilizotembea tangu alfajiri zikarudi mikono mitupu.

Nieleze kwanza nyumba yenyewe. Seva ya pamoja ni kama parseli yenye wapangaji ishirini, bomba moja la maji na mita moja ya umeme. Unalipa kidogo kwa sababu unagawana. Jirani akichomelea vyuma, taa yako inafifia. Chumba chako unakipanga utakavyo, lakini paa na nyaya ni vya mwenye nyumba, naye anaweza kuvibadilisha wakati wewe uko ibadani. Kwa hiyo programu inaweza kufa bila mtu wa kanisa kuigusa.

Namba 500 maana yake seva imeshindwa kumaliza kazi. Haisemi kwa nini, na inafanya vizuri kutosema, kwa maana kila mpita njia angesoma siri za nyumba. Sababu inaandikwa ndani, kwenye daftari la makosa. Ukiingia kwenye paneli ya kuongoza akaunti yako utakuta sehemu ya makosa, au faili liitwalo error_log katika folda ileile ya programu. Programu zilizojengwa kwa Laravel zina daftari lao pia, ndani ya storage/logs. Anza na mistari ya mwisho, kwa kuwa ndiyo mipya. Na angalieni saa: seva nyingi huandika kwa saa ya UTC, nasi huku mashariki tuko saa mbili mbele. Kosa lililotokea Bukavu saa nne asubuhi litaonekana limeandikwa 08:00. Kijana wetu aliyapita makosa ya asubuhi ile akidhani ni ya kabla hatujafungua.

Hapo sasa niungame. Kabla ya kulisoma lile daftari sawasawa, tulipoteza saa tano tukibahatisha. Mtu alisema ni ruhusa za mafaili, tukaziweka zote 777, yaani kila mtu anaweza kusoma, kuandika na kuendesha. Seva yetu, kama nyingi za pamoja, imewekwa ikatae kuendesha faili lililo wazi namna hiyo, kwa hiyo tukawa na 500 nyingine juu ya ile ya kwanza. Mwingine alisema faili la .htaccess ndilo lenye shida, tukalifuta. Ndilo linaloielekeza seva kila anwani iende kwa programu. Bila hilo kurasa zote za ndani zikawa hazipatikani. Ugonjwa mmoja tuliufanya kuwa mitatu, na hakuna aliyekumbuka tulianza na upi.

Jioni alikuja dada mmoja wa parokia jirani, anayefundisha kompyuta shuleni. Hakugusa kitu. Aliuliza tu, “Pasta, daftari la makosa linasema nini?” Nikamwonyesha kijana, kijana akanionyesha mimi.

Nehemia alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, halafu akauzunguka ukuta usiku na watu wachache, akitazama palipobomoka, kabla hajawaambia makuhani wala wakuu neno lolote. Nimehubiri sura hiyo zaidi ya mara moja. Sikuwahi kudhani inahusu Jumamosi kama ile.

Dada alirudisha ruhusa kwanza: mafaili 644, folda 755. Akarudisha .htaccess kutoka kwenye kopi ya kijana. Ikabaki 500 moja, ile ya asubuhi. Daftari likasema kwamba programu inaita kazi iitwayo each, ambayo haijulikani. Kumbe kampuni tuliyokodi kwake ilikuwa imehamisha akaunti zote kutoka PHP 7.4 kwenda PHP 8, na katika PHP 8 kazi ya each iliondolewa kabisa. Kuhamisha hakukuwa kosa, maana PHP 7.4 haipati tena marekebisho ya usalama tangu Novemba 2022. Kampuni ilituma hata barua pepe ya kuonya. Ilikwenda kwa anwani ya kijana aliyefungua akaunti, ambaye siku hizi anasoma Kampala.

Tiba ya siku ile ilichukua dakika mbili. Kwenye paneli kuna mahali pa kuchagua toleo la PHP, tukarudisha 7.4 na majina yote yakaonekana. Kijana alipewa wiki mbili kubadilisha mistari ile ya each, kisha tukapanda 8 kwa utulivu.

Ningefurahi habari iishe hapo. Lakini mchana ule, katika haraka yetu, kijana alichukua kopi ya hifadhidata nzima akaiweka ndani ya public_html, chini ya jina jepesi, ili aipakue baadaye akipata mega. Kuchukua kopi kabla ya kutengeneza ni jambo jema sana. Kosa ni mahali. Kila kilicho ndani ya public_html kinaweza kuchukuliwa na mtu yeyote duniani anayekisia jina lake. Kopi ile ilikaa siku kumi na moja. Ndani yake kulikuwa na majina ya familia, vijiji walivyokimbia, namba za simu, na ni waumini gani wanaowalaza. Sina haja ya kuwaeleza wasomaji wa Kivu au Ituri orodha kama hiyo inaweza kufanya nini mikononi mwa mtu mbaya. Tulipotaka kuangalia daftari la wageni ili tujue kama kuna aliyeichukua, seva ilikuwa imekwisha kufuta siku za kwanza. Tulienda kwa kila familia tukawaambia ukweli. Mbili ziliomba majina yao yaondolewe, tukayaondoa.

Kopi iwekwe juu ya public_html, siyo ndani. Vilevile msiwashe maonyesho ya makosa kwa wageni ili tu muone shida. Kurasa hizo zinaweza kutoa hata neno la siri la hifadhidata. Daftari linatosha.

Kwa wanaopandisha programu mara ya kwanza, shida huwa ndogo kuliko hofu yake. Windows haijali herufi kubwa na ndogo. Linux, inayoendesha seva nyingi, inajali, hivyo Sadaka.php na sadaka.php ni mafaili mawili. Faili linaloanza na nukta hufichwa, na ni rahisi kulisahau nyumbani. Jina la hifadhidata na la mtumiaji wake mara nyingi huongezewa jina la akaunti mbele, kwa hiyo lile mlilotumia kwenye kompyuta halitakubaliwa. Na nafasi ikijaa, programu itaacha kuandika bila kulalamika vizuri.

Badilisheni kitu kimoja, jaribuni, andikeni mlichobadilisha. Halafu kingine.

Barua za kampuni sasa zinakuja kwa anwani ya ofisi ya jimbo, na maneno ya siri yako kwa watu wawili. Mweka hazina alirudi kazini Jumanne. Kila Ijumaa jioni kabla ya ugawaji yeye mwenyewe huchapisha orodha, huhesabu kurasa, huifungia sandukuni, na Jumamosi watu wakishaondoka huichoma mbele ya wazee wawili.