Ken Dodd na Ramani ya Kicheko

Mchekeshaji wa mkoani nchini Uingereza, yaani msanii ambaye lafudhi na utani wake vinatoka katika eneo moja lililo mbali na London, mara nyingi alipotaka kusikika nchi nzima alijikuta akishawishika kuupunguza upekee wa kwao. Ken Dodd, aliyezaliwa Novemba 8, 1927 katika kitongoji cha Knotty Ash mjini Liverpool, hakupunguza chochote, bali alikigeuza kitongoji hicho kuwa nchi ya kubuni iliyojulikana Uingereza nzima, na akaendelea kuishi humo mpaka kifo chake.

Baba yake alikuwa muuza makaa ya mawe, naye Dodd aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14 ili amsaidie kuyasambaza, huku akitumbuiza pembeni kwa ufundi wa kusema bila kuchezesha midomo, ambao humfanya mtazamaji aamini kwamba anayesema ni mwanasesere. Mwaka 1954 alipanda jukwaa la ukumbi wa Empire mjini Nottingham akiwa sasa msanii wa kulipwa, wakati ambapo maonyesho mseto, yaliyokusanya waimbaji, wanasarakasi na wachekeshaji katika usiku mmoja, yalikuwa yameanza kufifia kwa kuwa watazamaji walibaki nyumbani na televisheni zao.

Kila chombo cha utangazaji kilimdai ufundi wake. Redioni, ambako hazikuonekana nywele zake zilizosimama, meno yaliyochomoza tangu ajali ya baiskeli ya utotoni, wala ufagio wa manyoya aliopenda kuupunga, alitegemea kasi ya ulimi na maneno ya kujibunia. Televisheni nayo ilimpa nafasi ya kuwaonyesha Diddymen, watu wafupi wa kubuni waliochimba mikate ya jemu katika migodi ya Knotty Ash, utani ambao ni vigumu kutouona kuwa wa mtoto wa muuza makaa. Mwaka 1965, Liverpool ikiwa tayari imeipa dunia kundi la Beatles, Dodd alijaza ukumbi wa Palladium wa London kwa wiki 42, na wimbo wake “Tears”, wa huzuni tupu usio na mzaha hata chembe, ukaongoza chati ya Uingereza kwa wiki tano.

Hata hivyo, televisheni ilimpimia muda, na muda ndio kitu ambacho Dodd hakukubali kupimiwa. Jukwaani aliweza kuendelea kwa saa tano hivi, watu wakatoka ukumbini usiku wa manane, wakiwa wametaniwa kwamba wametekwa nyara, na pengine wengine walitamani kweli kwenda kulala. Wingi huo wa maneno haukuwa wa kubahatisha, kwa kuwa kwa miaka mingi aliandika madaftarini utani upi ulichekesha katika mji upi na upi ulianguka, akayaita matokeo yake ramani ya kicheko. Aliwasoma pia wanafikra walioandika juu ya kicheko, akiwemo Sigmund Freud, daktari wa nafsi kutoka Austria, ambaye Dodd alimkosoa kwa sababu moja tu: hakuwahi kupanda jukwaani Glasgow, Scotland, Jumamosi usiku, mbele ya watazamaji waliosifika kwa kuwamaliza wachekeshaji kutoka England.

Mwaka 1989 alishtakiwa mjini Liverpool kwa kukwepa kodi, na mahakama ikaelezwa kwamba alikuwa ameficha nyumbani kwake pauni 336,000 za noti. Baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia, naye bila kuchelewa akaiingiza kodi katika utani wake wa kila usiku. Kipindi kilichomtambulisha kwa kizazi kipya, kilichorushwa na kituo cha televisheni cha ITV mwaka 1994, kilikuwa kwa kweli onyesho la jukwaani lililowekewa kamera, yeye akisimama mbele ya watu waliokaa na kucheka papo hapo. Alitunukiwa cheo cha Sir mwaka 2017, akafanya onyesho lake la mwisho mjini Liverpool Desemba mwaka huohuo akiwa na miaka 90, na Machi 11, 2018 akafariki katika nyumba aliyozaliwa, siku mbili baada ya kumwoa Anne Jones, mwenzi wake wa miaka mingi.