Je, Wajua? Sheria Inamfunga Nani, Tangu Lini

Kuipata sheria mtandaoni ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua inamfunga nani na tangu lini. Haya yamfae anayeanza kutafiti sheria za kimataifa na za nchi za nje.

Je, wajua kwamba vyanzo vya sheria ya kimataifa vimeorodheshwa katika ibara moja? Ni Ibara ya 38 ya sheria iliyounda Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague: mikataba, desturi za mataifa na kanuni za jumla za sheria. Hukumu na maandishi ya wanazuoni huja mwisho, kama vyanzo vya kusaidia. Hata hivyo, anayeanza utafiti hufanya vyema kuanzia huko mwisho, maana tanbihi za kitabu kizuri zitamfikisha haraka kwenye mkataba na kesi anazozitafuta.

Je, wajua kwamba nchi yaweza kutia saini mkataba na bado isifungwe nao? Mikataba mingi mikubwa hungoja kuridhiwa. Marekani ilitia saini Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1995, na mpaka leo haijauridhia.

Je, wajua kwamba herufi moja yaweza kukusimulia historia ya nchi? Fungua orodha ya mikataba ya Umoja wa Mataifa, utakuta jedwali: jina la nchi, tarehe ya saini, tarehe ya kuridhia. Tarehe ikifuatwa na “a”, nchi hiyo ilijiunga bila kutia saini kwanza. Ikifuatwa na “d”, iliurithi mkataba kutoka kwa dola iliyoitangulia. Usiishie kwenye jedwali. Teremka chini, ndiko nchi zinakotaja vifungu zilivyovikataa.

Je, wajua kwamba Tanganyika iligoma kurithi mikataba kimyakimya? Mwaka 1961 serikali ya Mwalimu Nyerere iliuarifu Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya nchi mbili iliyoachwa na Mwingereza ingeendelea kwa miaka miwili tu tangu uhuru, ili ipatikane nafasi ya kuchambua upi ubaki na upi uondoke. Vitabu vya sheria vinauita msimamo huo kwa jina la Nyerere.

Je, wajua kwamba majahazi ya Oman yaliwahi kuzua kesi The Hague? Mwaka 1905 wasuluhishi waliamua mgogoro wa Uingereza na Ufaransa kuhusu raia wa Sultani wa Muscat waliopeperusha bendera ya Ufaransa. Kila kitu kilitegemea tarehe 2 Januari 1892, siku Ufaransa iliporidhia Mkataba wa Brussels wa kupinga biashara ya watumwa. Kabla ya siku hiyo ilikuwa huru kutoa bendera. Baadaye, ni kwa wenye majahazi waliokuwa chini ya ulinzi wake kabla ya 1863 pekee.

Je, wajua kwamba sheria za Uingereza zilipokewa Kenya na Tanganyika kwa tarehe tofauti? Kwa Kenya ni zile zilizokuwapo tarehe 12 Agosti 1897. Kwa Tanganyika, 22 Julai 1920. Nayo Sheria ya Mikataba ya Tanzania, ile ya makubaliano kati ya watu na si kati ya mataifa, ilifuata mfano wa sheria ya India ya 1872, ndiyo maana hukumu za India hunukuliwa Dar es Salaam.

Je, wajua kwamba mfanyabiashara wa Lubumbashi hawezi kutosheka na sheria za Kinshasa? Sheria ya kampuni inayomhusu hutungwa na OHADA, jumuiya ya nchi 17 ambayo Congo ilijiunga nayo mwaka 2012.

Je, wajua kwamba hukumu moja yaweza kuchukua zaidi ya miaka 16 kupata kiwango cha fidia? Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiona Uganda na hatia ya kuvunja sheria ya kimataifa nchini Congo. Fidia, dola milioni 325, ilitajwa mwaka 2022. Ukipata hukumu, tafuta na zilizoifuata.

Je, wajua kwamba Mtanzania hawezi tena kufungua kesi mpya dhidi ya nchi yake moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ingawa mahakama yenyewe iko Arusha? Mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko la kuruhusu watu binafsi kuishtaki, na hatua hiyo ikaanza kutumika Novemba 2020. Makala ya mwaka 2018 itakwambia vingine.

Je, wajua kwamba hukumu nyingi za Tanzania na Kenya husomwa bure, kupitia TanzLII na Kenya Law? Ukinakili kifungu, andika kando tarehe uliyokisoma. Kesho huenda kimerekebishwa.