Mjane Hakuficha Deni Lake

Leo tutazame jambo la mtu aliyeshindwa na deni.

Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na watu wengi wa Garissa na Kaskazini Mashariki wakapoteza mifugo. Tuseme mwenye duka aliwakopesha wafugaji unga na sukari, naye alivichukua kwa mkopo. Mbuzi wamekufa, wateja hawalipi. Sasa simu ikilia haipokei, na hata ibadani haonekani. Je, aende mahakamani aombe kutangazwa mufilisi?

Katika 2 Wafalme, sura ya 4, mdai alitaka kuwachukua wana wawili wa mjane wawe watumwa. Mama huyu hakujificha. Alimweleza Elisha deni lake, akataja hata chupa ya mafuta iliyobaki. Mafuta yalipoongezeka, aliagizwa alipe deni kwanza, ndipo waishi kwa yaliyosalia.

Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015 nayo yadai ukweli huo: mdaiwa ataje mali yote na madeni yote. Anaweza kupatana na wadai, au kuomba kulipa kidogo kidogo. Asiye na mali, mwenye deni la shilingi 100,000 hadi 400,000, ana utaratibu wake wa miezi 12. Mufilisi kwa kawaida huachiliwa miaka 3 baada ya kutoa taarifa ya mali na madeni yake. Kabla ya hapo hawezi kuchaguliwa mbunge.

Lakini tuangalie sana: sheria ikimwachilia mdaiwa, haimwachilii mdhamini. Ndugu aliyetia sahihi kwa ajili yako ataendelea kudaiwa. Basi kabla ya kwenda mahakamani, nenda kwake, umweleze yote.

Kushindwa kwa sababu ya ukame si dhambi. Dhambi ni kuficha ng'ombe kwa shemeji, kisha kuapa kwamba huna kitu. Kama bado unacho cha kuuza, uza, ulipe. Kama huna kweli, mlango wa sheria uko wazi, usiogope kuingia.

Nasi washirika tusimsengenye. Majirani wa yule mjane walimwazima vyombo. Sisi tutamwazima nini ndugu yetu?

Bwana awabariki.