Zidaka za Lamu katika Nyumba za Leo
Mpambaji wa nyumba anayetafuta mwongozo asikimbilie Dubai kabla ya kufika Lamu, mji ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Huko ataona jinsi stara inavyojengwa pamoja na nyumba: mgeni hupokewa dakani, na vyumba vya ndani vikabaki vya wenyewe. Vyumba hivyo ni vyembamba, kwani boriti za mikoko hazivuki sana mita 3. Zidaka za chokaa huupa ukuta kina, na ndani yake hupangwa sahani za Kichina. Linalosikitisha ni saruji. Ukuta wa matumbawe ukipakwa saruji, unyevu hunaswa ndani na nakshi hubanduka. Akina mama mnaokarabati nyumba za urithi, mwagizeni fundi chokaa kabla hajanunua mfuko wa kwanza wa saruji.