Gazeti Halikuuawa na Mwongo Mmoja

Mchezo wa televisheni wa Kimarekani uitwao The Wire ulimalizika tarehe 9 Machi, 2008, baada ya misimu mitano yenye sehemu 60. Miaka mingi imepita, na hata leo wako watu wanaoutazama upya tangu mwanzo. Na wengi wao, wafikapo msimu wa tano, hunyamaza kidogo, kisha huanza kuutolea udhuru. Sisi hatuoni haja ya udhuru. Twasema wazi kwamba msimu ule wa mwisho ulituvunja moyo, nasi twataka kueleza sababu, maana jambo lenyewe lahusu kazi ya gazeti, ambayo ndiyo kazi yetu, na lahusu pia jinsi wafanya kazi wa mji mmoja walivyosimuliwa kwa haki, kisha wakaachwa njiani.

Kwa yule ambaye hajauona, The Wire ni kisa cha polisi na wauza madawa ya kulevya katika mji wa Baltimore, jimbo la Maryland. Jina lake ni waya, yaani ule wa kunasia mazungumzo ya simu. Mtungaji wake, David Simon, alikuwa mwandishi wa habari za polisi katika gazeti la The Baltimore Sun mpaka mwaka 1995. Na msaidizi wake mkubwa, Ed Burns, alikuwa mpelelezi wa polisi katika mji huo huo, kisha akawa mwalimu wa shule. Hawakuwa watu wa kukaa mbali na kuota jinsi maskini wanavyoishi. Kila msimu ulifungua mlango mmoja wa mji: kwanza majumba ya serikali na vijana wauzao unga uani mwake, kisha bandari, kisha siasa na ofisi ya meya, kisha shule. Na kila mlango ulipofunguliwa, tulionyeshwa jambo lile lile kwa sura nyingine: mtu aweza kuwa mwema au mbaya, lakini ofisi anayoitumikia ina nguvu kumshinda, nayo humpinda mpaka afanane nayo.

Yatubidi tukae kidogo bandarini, kwa sababu hapo ndipo kipimo chetu kilipo. Msimu wa pili, ulioonyeshwa mwaka 2003, wamhusu Frank Sobotka, kiongozi wa chama cha makarani wahesabuo shehena gatini. Kazi yapungua mwaka hata mwaka. Makontena yamekuja, na mitambo mipya yatajwa kuwa i njiani. Zamu hugawiwa kwa kufuata miaka ya utumishi, hivyo wazee huitwa kwanza na vijana hukaa siku nyingi bila mshahara. Sobotka ataka mambo mawili tu: mfereji uchimbwe uwe na kina zaidi ili meli nyingi zifike, na gati la nafaka lifunguliwe tena. Ili wanasiasa wamsikilize ahitaji fedha, na fedha azipata kwa kufumba macho makontena ya magendo yapite. Siku moja ndani ya kontena moja zakutwa maiti za wanawake 13 waliosafirishwa kama mzigo. Mwisho wake Sobotka mwenyewe auawa, na gati la nafaka lageuzwa kiwanja cha nyumba za matajiri.

Msomaji aliyepata kufanya kazi gatini Mombasa au Dar es Salaam hatahitaji mkalimani wa kisa hiki. Nacho hakina shetani mmoja wa kupigiwa kelele. Ni kweli wako wahalifu, na ni wabaya mno. Lakini hata wakiondolewa wote, meli hazitarudi, na kijana wa zamu ya mwisho hatapata kazi. Sobotka hakuwa malaika. Aliingia katika haramu kwa miguu yake, na mchezo haukumficha wala haukumtetea. Ulituonyesha tu kila mlango aliobisha kabla yake, na jinsi ulivyofungwa. Twajua vitabu vingi vilivyoandikwa juu ya kazi za mikono ambavyo havikufika hapo.

Basi ilipotangazwa kwamba msimu wa tano utaingia ndani ya gazeti, tena gazeti la The Baltimore Sun kwa jina lake halisi, tulikuwa na haki ya kutazamia makubwa. Gazeti lile liliasisiwa mwaka 1837. Mwaka 1986 liliuzwa kwa kampuni ya Times Mirror ya Los Angeles, na mwaka 2000 likaingia mikononi mwa kampuni ya Tribune ya Chicago. Tangu hapo faida yake ilihesabiwa na watu wasioishi Baltimore, wala wasiojua jina la mtaa wake hata mmoja. Kisha matangazo ya biashara yakaanza kuhamia katika intaneti, na dawa ya wenye mali ikawa moja: kupunguza watu. Hicho ni kisa cha bandari kwa mara ya pili, wino ukichukua nafasi ya shehena. Nani angekisimulia vizuri kuliko mtu aliyekaa katika chumba kile cha habari tangu mwaka 1982?

Nacho kimo, hilo hatulikatai. Mkubwa wa gazeti asimama mbele ya waandishi na kuwaambia kwamba ofisi za nchi za nje zinafungwa na baadhi yao wataondoka. Mzee mmoja wa habari za polisi ajumlishwa katika hesabu hiyo, na pamoja naye yaondoka elimu ya miaka mingi: nani ni ndugu ya nani, askari gani asema kweli, faili gani lafaa kuombwa. Aliyewahi kufanya kazi mahali ambapo orodha ya majina ilisomwa ataijua kimya ile. Lakini tukio hilo lapita upesi, na kinachoshika nafasi yake ni hadithi ya mwongo.

Mwongo huyo aitwa Scott Templeton, kijana mwenye tamaa ya kwenda kwenye magazeti makubwa zaidi. Aanza kwa kumzua mtoto aliye katika kiti cha magurudumu siku ya kufungua michezo ya besiboli. Kisha azua maneno ya watu. Kisha adai kwamba muuaji amempigia simu. Wakubwa wake wawili wampenda kwa kuwa wanawinda tuzo. Mhariri wa habari za mji, Gus Haynes, amshuku tangu mwanzo na kukusanya ushahidi. Mwisho wake Templeton apokea Tuzo ya Pulitzer, Haynes ahamishwa kwenye meza ya kusahihisha maandishi, na msichana mwaminifu, Alma Gutierrez, apelekwa katika ofisi ya wilaya ya pembeni.

Watu wa namna hii wamekuwako. Mwaka 1981 gazeti la The Washington Post lililazimika kurudisha Pulitzer ya Janet Cooke, ambaye alimzua mtoto wa miaka minane mtumiaji wa heroini. Na mwaka 2003 Jayson Blair aliiaibisha The New York Times. Kwa hiyo hatusemi Templeton hawezi kuwapo. Twasema hahusiki. Kama kijana yule angekuwa mkweli tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, ofisi za nje zingefungwa vile vile, na mzee wa habari za polisi angefungasha vitu vyake vile vile. Katika msimu wa shule hakukuwa na mwalimu mwovu ambaye akifukuzwa watoto watapona. Katika gazeti, ghafula, twapewa mwongo mmoja, wakubwa wawili wapumbavu, na mtu mmoja mnyofu asiyekosea hata mara moja. Clark Johnson, aliyemwigiza Haynes (ndiye pia aliyeongoza sehemu ya kwanza na ya mwisho kabisa ya mchezo mzima), aifanya kazi yake kwa ustadi. Lakini amepewa mtu wa kuchekesha, kutukana na kuwa sahihi tu. Mweke kando ya Sobotka uone ni nani mwenye damu mwilini. Atungaye habari za mahali alipotoka ana mtihani mgumu: mabwana wa zamani huwa wafupi zaidi kila wanapokumbukwa.

Upande wa polisi mambo yalikuwa mabaya zaidi, ingawa yalianza vizuri. Meya Carcetti amekuta shimo la dola milioni 54 katika fedha za shule, naye alikataa msaada wa jimbo kwa kuwa autaka ugavana. Kwa sababu hiyo polisi hawalipwi saa za ziada, na upelelezi wa maiti 22 zilizofichwa katika nyumba mahame wafungwa. Mpaka hapo ni The Wire tuijuayo. Ndipo mpelelezi McNulty achukua maiti ya mtu asiye na makao, aliyekufa kifo cha kawaida, aifanya ionekane imenyongwa, aifunga utepe mwekundu mkononi, na kuwaambia wakubwa kwamba mjini kuna muuaji awindaye maskini mmoja mmoja. Fedha zamiminika. McNulty ni mlevi na mkaidi, tungeweza kulimeza hilo kwa maji mengi. Lakini mwenzake Lester Freamon, mzee wa subira aliyetumia misimu minne kuwafundisha vijana kufuata karatasi na fedha, ajiunga naye karibu papo hapo, na kwenda kutafuta meno ya bandia ya kuitia hadithi nguvu! Hapo tulishindwa kuamini. Sehemu zilikuwa 10 tu, ambapo misimu mingine ilipewa 12 au 13, na haraka hiyo yaonekana.

Wako wenye kuutetea msimu huo, na hoja yao si ya kudharauliwa. Wasema: mnashughulika na Templeton, lakini tazameni yale ambayo gazeti halikuyaona. Omar Little, mnyang'anyi aliyeogopwa mji mzima, apigwa risasi na mtoto mdogo dukani akinunua sigara. Na gazeti, kwa uhaba wa nafasi, laiweka habari hiyo kando na kuchapa ya nyumba iliyoungua. Hapa twakubaliana nao kabisa. Hilo ndilo jambo bora katika msimu mzima. Twakubali pia kwamba kijana Dukie, akimwomba mwalimu wake wa zamani fedha za masomo na kuzipeleka kwenye unga, na Bubbles, akipanda ngazi hatimaye kula mezani kwa dada yake, wanastahili kukaa na yote yaliyotangulia. Lakini mtazamaji ayaokota haya sakafuni, huku mbele ya macho yake watu wazima wawili wakicheza na tepe nyekundu. Mchezo uliolaumu gazeti kwa kupenda kisa cha kutisha kuliko kisa cha kweli, wenyewe ulikipa kisa cha kutisha ukurasa wa kwanza.

Na yaliyofuata mjini Baltimore yaonyesha ni kitu gani kilikosekana. Mwezi Machi 2017 askari saba wa kikosi maalumu cha kutafuta bunduki walikamatwa; mashtaka yalikuwa kuwaibia wananchi na kudai malipo ya saa za ziada ambazo hawakufanya kazi. Mwandishi wa The Baltimore Sun, Justin Fenton, aliifuata habari hiyo mahakamani na mitaani, akaandika kitabu, na mwaka 2022 David Simon mwenyewe na mwenzake George Pelecanos walikifanya mchezo wa televisheni wenye sehemu sita. Mwaka 2019 gazeti hilo hilo lilifichua kwamba Meya Catherine Pugh aliuza vitabu vyake vya watoto kwa shirika la hospitali ambalo yeye alikuwa katika bodi yake: vitabu 100,000 kwa dola 500,000. Alijiuzulu mwezi Mei mwaka huo, na baadaye akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Mwaka 2020 wafanya kazi wa gazeti walipewa Tuzo ya Pulitzer kwa kazi hiyo, ya haki na isiyo na chuku. Mwaka uliofuata gazeti likaangukia mikononi mwa Alden Global Capital, kampuni ya fedha ijulikanayo kwa kupunguza watu kila inaponunua magazeti, na mwaka 2024 likauzwa tena. Katika kisa hicho hakuna Templeton. Kuna waandishi waaminifu, kazi nzuri, tuzo halali, na mnada.

Kisa hicho ndicho tulichokitaka. Wala hatusemi kwamba mtungaji hakukiona, maana katikati ya msimu kuna dakika moja inayokishika. Meya yuko ufukweni pamoja na wakubwa wa majengo, akizindua ujenzi mpya mahali ambapo zamani palikuwa pa meli. Katika kundi la watu asimama kijana mmoja na kuwapigia kelele kwamba bandari imeuzwa. Mwenye kukumbuka msimu wa pili atamtambua: ni Nick Sobotka, mtoto wa ndugu yake Frank. Askari wamwondoa. Meya auliza yule ni nani, naye ajibiwa kwamba si mtu yeyote. Kisha sherehe yaendelea, na kamera yarudi kwa Templeton.